Ugonjwa wa Kula Udongo, na Njia Niliyoifuata Kuuacha



Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike somo la afya kwa muhula huu, juu ya lishe bora. Nimekubali, lakini nitaanza na kitu kiliwacho ambacho si chakula, yaani udongo. Nilikula udongo kwa miaka sita, na habari zake nazijua kuliko nizijuavyo za mboga.

Hapa Kharumwa hakuna asiyeujua. Siku ya gulio huuzwa sokoni, umefinyangwa mfano wa vijiti na kukaushwa, nasi twauita pemba. Wengine hawanunui, bali humegua kichuguu au ukuta wa nyumba ya udongo baada ya mvua, harufu yake inapopanda. Wajawazito ndio wanunuzi wakubwa, ila si wao pekee.

Jambo hili si geni. Mwaka 1870, David Livingstone alipokuwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliandika kwamba ugonjwa wa kula udongo uliitwa safura huko Unguja. Aliona kuwa haukuwapata watumwa tu, bali hata matajiri wenye chakula tele. Tulishike neno hilo. Mla udongo si lazima awe mwenye njaa, wala si mtu asiye na adabu.

Madaktari wa leo huuita pika. Si ile pika ya jikoni. Ni neno la Kilatini, jina la ndege wa jamii ya kunguru ambaye husemwa kuwa hudonoa kila akionacho. Katika vitabu vyao ugonjwa huu umewekwa pamoja na magonjwa mengine ya ulaji, kama vile kujinyima chakula mpaka kukonda vibaya, au kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia. Lakini si kila aonjaye pemba ni mgonjwa. Mjamzito anayeuma kipande kwa kufuata desturi, kisha akaacha bila shida, hana ugonjwa huo, ingawa udongo wenyewe waweza kumdhuru. Mgonjwa ni yule anayejua kuwa unamdhuru, akakusudia kuacha, na asiweze.

Je, udongo unadhuru nini? Nitataja mambo matatu.

Kwanza, damu. Mwili hutengeneza damu kwa kutumia madini ya chuma yaliyomo katika nyama, dagaa, maharage na mboga za majani. Udongo wa mfinyanzi, ukiwa tumboni, hushika chuma hicho na kukizuia kisiingie mwilini. Na hapa ndipo penye mtego: mtu aliyepungukiwa na chuma mara nyingi hupata hamu ya kula udongo, naye akiula hupungukiwa zaidi, na hamu huzidi.

Pili, minyoo. Udongo usiopikwa waweza kubeba mayai ya minyoo mpaka tumboni. Ile minyoo midogo inyonyayo damu, ambayo siku hizi ndiyo iitwayo safura, huingia hasa kwa nyayo za asiyevaa viatu, lakini kazi yao ni moja: kumaliza damu.

Tatu, sumu. Sisi twakaa katika nchi ya dhahabu. Miamba yenye dhahabu mara nyingi ina aseniki, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Mwaka 2012 watafiti waliwahoji wajawazito 340 katika Wilaya ya Geita, na 155 kati yao walikuwa wakila udongo. Walipoupima udongo wenyewe walikuta aseniki, kromiamu na nikeli ndani yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Mlaji hawezi kuiona sumu hiyo wala kuionja.

Sasa nitasimulia yangu.

Nilianza mwaka 2011, nilipokuwa na mimba ya kwanza. Mtoto alizaliwa salama, nami nikadhani hamu itakwisha. Haikwisha. Nikawa nanunua pemba kwa wauzaji watatu, ili asiwepo hata mmoja ajuaye kiasi ninachokula. Shuleni niliziweka ndani ya boksi la chaki, maana nani angeshangaa kuona vijiti ndani ya boksi la chaki? Nilifundisha somo la madini ya chuma na upungufu wa damu, nikachora ubaoni, kisha mapumziko yakifika nikajifungia stoo na kutafuna.

Mwaka 2016 nilianguka darasani. Nikapimwa damu, ikawa gramu 7 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito apaswa kuwa na 12 au zaidi. Nikapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Mganga hakuniuliza kama nala udongo, wala mimi sikumwambia. Kwa miezi kadhaa nilimeza vidonge asubuhi na pemba jioni. Ikawa kama kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka.

Aliyenigundua ni mdogo wangu. Yeye alikuwa ametumia dawa za kulevya mjini kwa muda mrefu, akapelekwa Unguja katika nyumba za kuwasaidia walioathirika, ambazo watu huziita soba hausi. Nyumba hizo zilianza huko mwaka 2009, na huwafundisha wakazi wake kufuata hatua 12. Aliporudi nyumbani mwaka 2017, nilimwona akinitazama kila nilipotoka nje baada ya kula. Siku moja akaniambia kwa upole, "Dada, mimi sijui unaficha nini. Lakini namna unavyoficha naijua, maana nilikuwa nikifanya hivyo hivyo."

Nilikasirika, nikamwambia udongo si dawa za kulevya. Akanijibu, "Kweli, si sawa. Basi acha kwa siku 3 tu." Siku ya pili sikuweza kulala.

Hatua hizo 12 zilitoka Marekani. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, walevi wawili walikutana: Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, na Robert Smith, daktari wa upasuaji. Kila mmoja alikuwa amejaribu kuacha pombe akashindwa. Walitambua kwamba mlevi anapozungumza na mlevi mwenziwe, bila kuhukumiana, wote wawili hupata nguvu. Hatua zao zilichapishwa kitabuni mwaka 1939. Mwaka 1960, huko Los Angeles, mwanamke mmoja aliyeshindwa kujizuia kula alianzisha na wenziwe wawili kikao cha namna hiyo kwa ajili ya matatizo ya ulaji. Tangu hapo vikao hivyo vimeenea katika nchi nyingi.

Nazieleza hatua hizo kwa maneno yangu, kama tulivyozitumia.

Hatua ya 1 ni kukiri kwamba jambo limenishinda. Ya 2 na ya 3 ni kuamini kuwa iko nguvu kubwa kuliko mimi iwezayo kunisaidia, na kujikabidhi kwake. Kila mtu huielewa nguvu hiyo kwa imani yake. Ya 4 ni kuyaandika makosa yangu bila kujificha, na ya 5 ni kumsomea mtu mwingine niliyoyaandika. Ya 6 na ya 7 ni kuwa tayari kuachana na kasoro hizo, na kuomba kwa unyenyekevu ziondolewe. Ya 8 ni kuorodhesha wote niliowakosea, na ya 9 kwenda kutengeneza nao, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungewaumiza. Ya 10 ni kujichunguza kila siku. Ya 11 ni sala na kutafakari. Ya 12 ni kumpelekea habari hizi mwingine aliye katika shida ile ile.

Tulianza watu wanne, mdogo wangu na wanawake watatu tuliokuwa tukila udongo. Tulikaa chini ya mwembe kila Jumatano jioni. Kanuni zilikuwa chache: kila mtu aseme yake, asikatizwe, asishauriwe asipoomba, na yaliyosemwa yabaki pale. Siku ya kwanza nilisema, "Nakula udongo, na siwezi kuacha." Maneno hayo machache yalinichukua miaka sita kuyatamka. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja, muuza mbogamboga, akasema, "Mimi pia, mwalimu."

Hatua iliyokuwa ngumu kwangu ni ya 9. Siku moja, kabla ya hayo yote, nilikuwa nimemtuma msichana wa kidato cha pili aniletee boksi la chaki, naye akachukua lile lingine. Hakusema kitu. Baada ya juma moja nikamwona nyuma ya darasa akitafuna, nami nikajifanya sikuona, kwa kuwa kumwonya kungeniumbua. Jina lake lilikuwa la kwanza katika orodha yangu. Nilikwenda kwao, nikawaomba radhi yeye na mama yake, nikawaeleza kila kitu, kisha tukaenda pamoja kupima damu. Alikuwa bado hajafungwa na hamu ile kama mimi, akaacha. Amekwisha maliza shule, na ameniruhusu kuandika haya bila jina lake.

Sitaki mdhani kwamba vikao pekee vinatosha. Damu iliyopungua haiongezwi kwa mazungumzo. Mara hii nilimweleza mganga ukweli wote, nikameza vidonge kwa miezi mingi bila udongo, nikaacha kunywa chai pamoja na chakula, maana chai nayo huzuia chuma, na pale meno yalipodai kitu cha kutafuna nikayapa michembe. Damu ilipopanda, hamu ikapungua. Vidonge viliitengeneza damu, na kikao kilivunja siri. Siri ndiyo iliyokuwa imevishinda vidonge mara ya kwanza.

Tena naona sisi wala udongo tuna nafuu moja kuliko wenye magonjwa mengine ya ulaji. Mtu hawezi kuacha chakula, kwa hiyo wao hulazimika kukutana na adui wao mezani kila siku. Udongo mtu aweza kuuacha kabisa na kuishi.

Je, nimepona? Katika vikao hatusemi hivyo. Twasema leo sijala. Mvua ya kwanza ikinyesha na harufu ya ardhi ikapanda, hamu hunijia hata sasa, nami humwendea yule muuza mbogamboga tukaketi mpaka ipite.

Jina langu sikuliweka, kwa kuwa ni desturi ya vikao hivi kutojitangaza magazetini. Wanafunzi wangu mtanitambua, na si neno. Wazazi, mkimwona mtoto anatafuna udongo, msimpige wala kumwaibisha; mpelekeni akapimwe damu na minyoo. Nawe mwanafunzi mwenye kijiti mfukoni, mwambie mtu mmoja leo. Boksi langu la chaki sasa lina chaki tu, na mlango wa stoo u wazi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma huzidi kupungukiwa akila udongo?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuonja pemba kwa desturi na kuwa mgonjwa wa pika?
3. Kwa nini vidonge peke yake havikumsaidia mwandishi mwaka 2016?
4. Ukimkuta ndugu yako anakula udongo kwa siri, utamwambia nini, na hutamwambia nini?