Dondoo muhimu: Imani ya mama kijana, Jumatatu hadi Jumamosi

Binti yako asikeketwe. Hili ndilo zito kuliko yote. Siku hizi wapo wanaowakeketa watoto wachanga kwa siri, mama akidanganywa kuwa ni tiba ya lawalawa, yaani maambukizi ya sehemu za siri. Sheria ya Tanzania imekataza kukeketa wasichana tangu 1998. Mama mkwe akishikilia, mjibu kwa heshima: “Mama, mjukuu wako hana kasoro, Mungu alimuumba hivyo.” Asipoelewa, mshirikishe mumeo, kisha katekista au mwinjilisti. Hatari ikikaribia, nenda ofisi ya kijiji au polisi mapema. Kumlinda mtoto si utovu wa adabu.

Omba, na kliniki uende. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa 1955, ni ya Walutheri. Sala na chanjo havijawahi kugombana pale. Miezi sita ya mwanzo ya mtoto, maziwa yako yanatosha.

Imani iende nawe hata mnadani Katesh: vitunguu vilivyooza usivifiche chini ya gunia. Basi.

Mkumbuke jirani. Walioathiriwa na maporomoko ya tope ya Hanang, Desemba 3, 2023, wengine bado wanajikongoja. Ukivuna mahindi, wapelekee debe moja bila kusubiri mchango utangazwe kanisani.