Njia Mbili za Fisi: Hisabati ya Hadithi Inayomjibu Msomaji

Wahenga walisema, njia mbili zilimshinda fisi. Katika hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu, msikilizaji huitikia, lakini hana uwezo wa kumchagulia fisi njia. Je, ingekuwaje kama angepewa uwezo huo? Somo hili laeleza jinsi hadithi ya namna hiyo ijengwavyo katika kompyuta, na kwa nini kazi hiyo humhitaji msanii pamoja na mhandisi.

Mfano mashuhuri wa awali ni mchezo uitwao Adventure, uliotungwa katikati ya miaka ya 1970 na Mmarekani Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa pia kupeleleza mapango. Mwaka 1977 Don Woods, wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliupanua. Mchezaji aliandika agizo fupi, na kompyuta ikamweleza alipofika pangoni.

Sasa tuhesabu. Tuchukue hadithi ambayo msomaji hukutana na njia panda mara 10, kila moja ikiwa na njia 2. Hatua ya kwanza yahitaji kurasa 2, ya pili 4, ya tatu 8. Hatua ya 10 yahitaji kurasa 1,024. Tukijumlisha zote pamoja na ukurasa wa mwanzo, tutapata kurasa 2,047. Lakini msomaji mmoja, katika safari moja, husoma kurasa 11 tu!

Dawa ya kwanza ni kuziunganisha njia: kila hatua iwe na kurasa 2 tu, na zote mbili zielekee kwenye kurasa zile zile 2 za hatua inayofuata. Hapo kurasa zitakuwa 1 + (2 × 10), yaani 21. Hata hivyo, dawa hii ina sumu yake. Fisi apite kushoto au kulia, yatakayofuata ni yale yale. Msomaji akigundua kwamba uchaguzi wake ni bure, ataiacha hadithi.

Dawa ya pili ni kumbukumbu. Katika kila njia panda kompyuta huweka alama: 0 kwa kushoto, 1 kwa kulia. Alama 10 tu zatosha kutofautisha safari zote 1,024. Ikiwa katika hatua ya 2 fisi alikipita kisima bila kunywa, katika hatua ya 9 sentensi moja yaweza kubadilika: miguu yamlegea kwa kiu.

Mhandisi huweza kuzihesabu alama hizo. Ni alama ipi itakayomgusa msomaji? Hilo ni swali la msanii. Ndiyo maana mwaka 1993 maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, ilianzisha mpango wa kuwakaribisha wasanii maabarani, kila mmoja akifanya kazi bega kwa bega na mtafiti.

Zoezi. Kompyuta haihitajiki, ubao na chaki vyatosha. Mwalimu aligawe darasa katika makundi, kila kundi litunge hadithi yenye njia panda 3.

(a) Zitahitajika kurasa ngapi iwapo njia hazikutani?
(b) Ngapi zikiunganishwa kama ilivyoelezwa hapo juu?
(c) Chagueni alama moja ya kukumbukwa, mweleze sababu yake.

Majibu: (a) 15, (b) 7. Jibu la (c) litatoka kwenu.