Njia ya Pwani ya Oregon

1. Nchi yenyewe

Fungua ramani ya dunia, uitafute Marekani. Upande wa magharibi, jua linakotua, iko bahari kubwa sana iitwayo Pasifiki. Pwani yake ina majimbo matatu yaliyopangana: Washington kaskazini, California kusini, na Oregon katikati.

Njia kuu ya motokari, iitwayo Njia 101, yafuata pwani ya Oregon toka mpaka mmoja hata mwingine. Urefu wake ni karibu kilometa 584. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi. Basi njia hiyo ni fupi kidogo kuliko ziwa letu.

2. Safari

Msafiri aanza kaskazini, katika mji wa Astoria, penye kinywa cha mto Columbia. Hapo walikaa watu wa kabila la Clatsop zamani za kale, kabla ya wageni kufika. Daraja lililofunguliwa mwaka 1966 lavuka mto huo. Urefu wake wapita kilometa 6.

Akishuka kusini, afika Cannon Beach. Pale mwamba mmoja wasimama mchangani, meta 72 kwenda juu, na ndege wa baharini hutaga mayai juu yake. Mbele zaidi, njia yapanda milima yenye misitu mizito na kupita ukingoni, bahari ikinguruma chini. Penye rasi ya Heceta uko mnara wa taa uliowashwa mwaka 1894, ili merikebu zisivunjike miambani usiku. Baadaye huja vilima vya mchanga mtupu, vilivyojengwa na upepo, urefu wa kilometa 65 hivi.

3. Madaraja

Zamani motokari zilisimama penye kila mto mkubwa, zikingoja kuvushwa kwa chombo. Upepo ukivuma kwa nguvu, msafiri alikawia. Ndipo fundi mmoja, Conde McCullough, alipochora madaraja makubwa matano. Yote yalifunguliwa mwaka 1936. Moja lilibomolewa mwaka 1991, kwa maana chumvi ya bahari ilikuwa imekula chuma kilichomo ndani ya saruji; mahali pake pakajengwa jipya. Manne yangali yanatumika.

4. Mchanga ni wa nani?

Bahari si kama ziwa. Kila siku maji hujaa, yakafunika mchanga; halafu hupwa, yakauacha wazi. Kabla ya Njia 101 kujengwa, watu walingoja maji yapwe, wakapita juu ya mchanga mgumu kwa farasi, kwa magari ya kukokotwa, hata kwa motokari.

Lakini matajiri walikwisha anza kununua vipande vya pwani. Gavana Oswald West akafikiri: «Mchanga huu ni njia ya watu. Nani auza njia?» Kwa shauri lake, mwaka 1913 sheria ilitangaza kwamba mchanga unaofunikwa na maji ni barabara ya watu wote. Hivyo haukuweza kuuzwa tena.

Hata hivyo sheria ile haikutaja mchanga mkavu ulio juu. Mwaka 1966, mwenye hoteli mmoja alizungusha magogo mbele ya nyumba yake, akasema wageni wake peke yao ndio watakaokaa pale. Watu walikasirika. Je, maji yakijaa, mtoto wa maskini atacheza wapi?

Wengine walisema: «Ni kipande kidogo tu.» Lakini wenye akili wanajua: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Leo mmoja akifunga pake, kesho wote watafunga. Watu wengi wakaandika barua kwa serikali. Mwaka 1967 Gavana Tom McCall alitia sahihi sheria mpya: mchanga mkavu nao uachwe wazi kwa wote, mpaka pale majani yanapoanza kuota.

Ugomvi ulifika mahakama kuu ya jimbo. Mwaka 1969 waamuzi walisema: tangu zamani watu wamepita hapa bila kuzuiwa, desturi hiyo ina nguvu ya sheria.

Kwa hiyo, msafiri wa Njia 101 aweza kusimamisha motokari yake, akashuka na watoto wake mpaka majini, wala hakuna wa kumfukuza. Kitu cha wote hakijilindi chenyewe. Chalindwa na wale wanaokataa kunyamaza.

MAULIZO

1. Oregon iko kati ya majimbo gani mawili?
2. Kwa nini daraja moja lilibomolewa?
3. Eleza tofauti ya maji kujaa na maji kupwa.
4. Sheria ya mwaka 1913 ilipungukiwa na nini?
5. Taja vitu viwili vya wote katika kijiji chako. Nani huvilinda?