Kutu Inayosafisha Maji: Njia Rahisi ya Kuondoa Aseniki

Maji maangavu si lazima yawe salama. Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, visima vya pampu za mkono vilichimbwa kwa wingi ili watu waache maji ya madimbwi yaliyoeneza maradhi ya kuhara. Mwaka 1993 iligunduliwa kwamba baadhi ya visima hivyo vina aseniki, sumu itokayo katika mashapo ya chini ya ardhi. Haina rangi, ladha wala harufu; lakini ainywaye kwa miaka mingi huweza kupata maradhi ya ngozi na saratani.

Je, tuyachemshe maji hayo? La. Kuchemsha huua vijidudu, lakini aseniki hubaki. Maji yanapopungua, sumu huzidi kukolea. Kitambaa nacho hakifai, kwa sababu aseniki imeyeyuka majini.

Dawa yake ni kutu. Chuma kilicholowa maji na kupata hewa hufanya kutu, na aseniki hunata juu ya uso wake. Kwa kanuni hiyo wanakijiji walitumia mitungi mitatu iliyopangwa wima. Mtungi wa juu huwa na mabaki ya chuma ya karakana pamoja na mchanga. Wa kati huwa na mchanga, makaa na vipande vya matofali. Wa chini hupokea maji yaliyochujwa. Kasoro yake ni kwamba chuma huweza kugandamana na kuziba. Mwanakemia Abul Hussam aliiboresha njia hiyo kwa chujio liitwalo Sono, lililopata Tuzo ya Grainger nchini Marekani mwaka 2007.

Tuzingatie jambo moja. Nafasi za kunatia juu ya kutu zina kikomo. Zikishajaa, maji hutoka maangavu kama kawaida, nayo yana sumu. Kwa hiyo chujio lisilopimwa maji yake mara kwa mara humdanganya mwenye nalo. Somo hili latuhusu nasi, maana miamba ya dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria ina madini yenye aseniki.

Zoezi: Maji ya kisima yana miligramu 0.30 za aseniki kwa lita. Chujio huondoa asilimia 95. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01, cha Bangladesh ni 0.05. Kokotoa kiasi kinachobaki, kisha ujadili na wenzako: je, utawaruhusu wanakijiji wanywe maji hayo?