Jifunze Kudarizi kwa Mkono: Kitambaa cha Mazoezi Kwanza, Kofia Baadaye

Fundi anayepokea oda ya kofia ya viua ilhali mshono wake haujui anacheza na mali ya mtu. Kofia ya kushonwa kwa mkono huchukua wiki kadhaa, na nyingine hufika miezi. Tundu likiharibika katika wiki ya tatu, kitambaa hakina kifutio. Mteja hukosa kofia, fundi hukosa malipo, na jina lake huharibika sokoni.

Dawa yake ni rahisi na gharama yake ni ndogo: kitambaa cha mazoezi. Hiki ni kipande kimoja cha nguo ambacho mwanafunzi hushonea mishono asiyoifahamu, mstari kwa mstari, kabla ya kugusa kazi ya mteja. Somo la toleo hili limeandaliwa kwa ajili ya kina mama, vijana na wazee wa Kau na vijiji jirani wanaotaka kuanza. Wanaume pia wamo, kwani kofia nyingi nzuri za pwani zimeshonwa na mikono yao.

Kwa nini somo hili sasa?

Wakazi wa Kau hawahitaji kuelezwa hali ya mashamba. Maji ya chumvi yanayopanda mto Ozi kutoka baharini yameua mpunga na miembe, na mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilileta mafuriko katika kaunti yetu. Sindano haiwezi kuchukua nafasi ya jembe, lakini ni kazi inayoweza kubebwa. Maji yakija, kitambaa, uzi na sindano huingia katika ndoo moja yenye kifuniko na kuondoka na mwenyewe.

Soko nalo haliko mbali. Katika karne ya 19 Kau ilikuwa bandari ya mtoni, na mfereji wa Belezoni uliunganisha Tana na Ozi ili bidhaa za bara zifike Kipini na kuendelea hadi Lamu. Leo barabara ya lami ya Garsen, Witu hadi Lamu inatuunganisha na wanunuzi walewale wa pwani wanaoijua kofia nzuri wakiiona.

Mbinu ya zamani

Kabla ya vitabu vya michoro kuenea, mafundi walihifadhi mishono kwenye nguo. Vitambaa vya mazoezi vilivyoshonwa Misri kati ya karne ya 14 na 16 vimehifadhiwa katika makumbusho hadi leo. London kuna kitambaa cha Mwingereza, Jane Bostocke, chenye mwaka 1598 ulioshonwa juu yake. Wenyewe walifariki zamani, lakini ukikitazama kitambaa unaona mshono ulivyopita. Hiyo ndiyo faida ya pili ya kitambaa hiki: kinakufundisha wewe, kisha kinamfundisha atakayekuja baada yako.

Vifaa

• Kitambaa cheupe cha pamba, kama marekani, cha sentimita 40 kwa 30. Kifue na kukipiga pasi kwanza ili kisinywee baadaye.
• Uzi wa kudarizi. Ule wenye nyuzi 6 zilizosokotwa pamoja, ugawe na utumie nyuzi 2 tu.
• Sindano yenye tundu refu, penseli, rula na mkasi mdogo.
• Kitu chembamba chenye ncha laini cha kutobolea, kama msumari uliosuguliwa vizuri.

Kata uzi wa dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Uzi mrefu zaidi hujifunga mafundo na kuchakaa kabla haujaisha. Kisha chora mistari 6 kwa penseli, ukiacha sentimita 4 kati ya mmoja na mwingine.

Mishono sita

1. Bandi. Sindano inaingia na kutoka kwa hatua sawa. Lengo hapa ni kuuzoesha mkono usawa. Usisonge mbele mpaka hatua 10 zinazofuatana zilingane.

2. Mshono wa kurudi nyuma. Sindano itoke hatua moja mbele, irudi kuingia pale mshono uliopita ulipoishia, kisha itoke tena hatua moja mbele. Unatoa mstari usio na pengo, unaofaa kwa majina na mipaka ya maua.

3. Mnyororo. Toa sindano juu, uirudishe palepale ilipotokea, kisha ichomoze nusu sentimita mbele huku uzi ukiwa chini ya ncha yake. Vuta polepole. Ukivuta kwa nguvu, pete hufunga na kuwa mstari mtupu.

4. Msalaba. Shona mistari yote ya kulala upande mmoja hadi mwisho, kisha rudi ukiikata kwa mistari ya upande wa pili. Siri yake ni moja: uzi wa juu uelekee upande uleule katika misalaba yote. Mmoja ukigeuka, jicho la mteja huuona mara moja.

5. Tundu la kifungo. Sindano iingie juu na kutoka chini kwenye mstari, uzi ukipita chini ya ncha ili ufanye ukingo. Mishono ikae bega kwa bega, bila kupandana.

6. Kiua. Huu ndio mshono wa kofia. Chora duara ndogo kuliko punje ya mtama, na nyingine kuizunguka. Toboa katikati kwa kuzisukuma nyuzi za kitambaa pembeni. Usizikate, maana zilizokatwa hufumuka kofia ikifuliwa. Kisha shona ule mshono wa tundu la kifungo kuzunguka: sindano iingie tunduni na kutokea kwenye duara la nje. Kila mshono ukivutwa sawasawa, tundu linabaki wazi na duara.

Usikate tamaa na viua vya kwanza. Mwandishi wa somo hili alijaribu 12 jioni moja. Vitatu viliziba, vinne vikawa kama yai. Cha 12 ndicho cha kwanza kilichofanana na kiua. Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Viache vilivyoharibika mahali pake, usivifumue. Vinakuonyesha ulipotoka.

Geuza kitambaa

Kila ukimaliza mstari, geuza upande wa ndani. Mafundo makubwa na nyuzi zinazoruka kutoka sehemu moja hadi nyingine ni dalili ya haraka. Anza uzi kwa kuuacha mkia mfupi na kuushonea juu, na umalizie kwa kuupitisha chini ya mishono iliyokwisha kushonwa. Mnunuzi mzoefu wa kofia huigeuza kabla ya kuuliza bei.

Jambo jingine la kwetu ni joto na unyevu. Jasho la mkono huishikisha sindano kutu, na kutu huacha doa lisilotoka kwenye nguo nyeupe. Nawa mikono, fanya kazi asubuhi mwanga ukiwa mzuri, na usiache sindano ikilala ndani ya kitambaa.

Andika jina

Pembezoni mwa kila mstari, shona au andika jina la mshono na tarehe. Huenda nyanya au babu yako anauita kwa jina jingine. Tumia jina lake. Kama anajua ua au umbo ambalo hujaliona kwingine, mwombe akushonee moja kwenye kitambaa chako leo, kabla macho yake hayajachoka. Umbo lililo kichwani mwa mzee mmoja huondoka naye.

Sheria inalitambua jambo hili. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya sayansi kimu. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni ya 2016 nayo inazitaka kaunti kusajili maarifa ya jadi ya jamii zake. Kitambaa chenye umbo, jina lake na jina la aliyelifundisha ni mwanzo mzuri wa ushahidi kwamba kazi hiyo ni ya jamii, siku mwingine atakapoinakili na kuiuza kama yake.

Ratiba ya wiki sita

Jipe mshono mmoja kwa wiki, nusu saa kwa siku. Wiki ya sita, shona viua 20 mfululizo. Vikilingana, uko tayari kushona kofia yako ya kwanza, na hiyo iwe ya mtu wa nyumbani. Ya pili ndiyo ya soko. Kitambaa chako cha mazoezi kitunze ndani ya ndoo yenye kifuniko, pamoja na vitambulisho na vyeti vya nyumbani.