Usalama wa Shule Unaanzia Njiani
Kwa wazazi na walezi wa Mkoa wa Katavi

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 uliukuta mkoa wetu ukiongoza nchini kwa mimba za utotoni. Katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamezaa au ni wajawazito. Wastani wa taifa ulikuwa 27.

Hilo ni suala la usalama wa shule. Tukiutaja usalama huo, wengi hufikiria uzio, geti na mlinzi. Lakini binti anayetembea saa nzima kupita mapori na mashamba ya tumbaku, hatari humkuta kabla hajafika getini. Njiani yupo bodaboda anayempa lifti ya bure leo, kesho anadai malipo. Njiani vijana humzingira na kumlazimisha achague mmoja wao, jambo linaloitwa chagulaga. Wapo wanaolitetea kuwa ni mila. Posa hupitia kwa wazazi. Kumzingira mwanafunzi ni ukatili.

Wazazi wengine humpangishia binti chumba karibu na shule. Geto linapunguza mwendo, ila linamwacha mtoto peke yake na kodi, unga na mkaa. Unga ukiisha katikati ya wiki, nanyi mko shambani, atakayebisha hodi na kilo mbili za mchele hakosekani. Kwa hiyo kijiji kinachochangia tofali na nguvu kazi ya hosteli kinamlinda binti kuliko adhabu yoyote inayokuja baadaye.

Adhabu ipo. Tangu 2016, Sheria ya Elimu inampa anayempa mwanafunzi mimba, au kumuoa, kifungo cha miaka 30. Lakini kesi hufa pale familia mbili zinapomalizana kwa ng'ombe, na shahidi haonekani tena mahakamani. Hasara inabaki kwetu sote: binti aliyeishia kidato cha pili angeweza kuwa muuguzi Mishamo au mwalimu wa hisabati Mpimbwe, nafasi ambazo tunasubiri watu wa mikoa mingine waje kuzijaza.

Aliyekwisha kujifungua naye ana haki ya kurudi shuleni. Serikali iliruhusu hilo Novemba 2021, na mwongozo wa 2022 unampa miaka 2 ya kurejea tangu alipoacha masomo. Mpelekeni kwa mkuu wa shule mapema.

Mkiona dalili za ukatili, msisubiri kikao cha ukoo. Pigeni 116 bila malipo, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii.