Unataka Uzamili wa Kemia ya Mazingira? Anzia Maabara

Wanafunzi wengi wa uzamili ninaowaona wakikwama hawakwami kwa uhaba wa akili. Wanakwamia kwenye mashine mbovu, kemikali zilizoisha na sampuli zilizochukuliwa ovyo. Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, pitia haya.

1. Soma sifa za kuingilia. Tanzania, vyuo vingi huanzia GPA ya 2.7 katika shahada ya kwanza. Kenya kwa kawaida hutaka daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini mara nyingi huulizwa uzoefu wa kazi. Kama ulisomea nje ya Tanzania, shahada yako itambuliwe mapema na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

2. Usitafute jina la kozi tu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili unaoitwa hasa kemia ya mazingira. Kwingineko fani hii imo ndani ya uzamili wa kemia au wa sayansi ya mazingira. Angalia wahadhiri wanachapisha nini. Hapo ndipo utajua kozi ni ya nani.

3. Kagua maabara kwa macho yako. Hiki ndicho kidokezo ninachokishikilia kuliko vyote. Ukitaka kupima risasi au zebaki, uliza kama mashine ya kupima metali inafanya kazi leo, si mwaka juzi. Ukitaka mabaki ya viuatilifu kwenye nyanya, uliza kuhusu kromatografia, gesi yake na nani anaiendesha. Fundi wa maabara atakuambia ukweli ambao hauandikwi kwenye tovuti: foleni ina watu wangapi, kipuri gani kinasubiriwa, nani analipia kemikali. Msalimie vizuri, kaa naye, msikilize. Ikibidi sampuli zipelekwe maabara nyingine, gharama hiyo iingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

4. Chagua swali dogo lenye watu ndani yake. "Uchafuzi wa Ziwa Victoria" ni swali la taasisi nzima. Zebaki katika matope ya kijito kimoja chini ya machimbo madogo ya dhahabu Geita, hilo unaliweza. Kumbuka Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi. Vipimo vya damu na udongo vilikuwa sehemu ya ushahidi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia. Kipimo kizuri kina uzito wa namna hiyo.

5. Jifunze kuchukua sampuli kabla ya kujifunza mashine. Maji ya kupimia metali hutiwa asidi ya naitriki hadi pH ishuke chini ya 2, la sivyo metali hung'ang'ania kuta za chupa. Ya viuatilifu hukaa kwenye chupa za kioo cha kahawia, ndani ya barafu. Beba pia chupa ya maji safi itakayopita njia ileile na sampuli zako: ikionyesha risasi, tatizo ni lako, si la mto.

6. Vibali. Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Ukigusa damu, mkojo au nywele za watu, omba kibali cha maadili. Tanzania utakutana na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Omba mapema.

7. Andika huku ukipima. Uzamili wa kozi na tasnifu huchukua kama miaka miwili, na nusu ya pili hukimbia. Sura ya mbinu iandike wiki ileile unayofanya kazi, maana mtahini wa nje atauliza kiwango cha chini kabisa ambacho mashine yako inaweza kukitambua, na ulikithibitisha vipi.

8. Rudisha majibu. Kama ulipima floraidi kwenye visima vya Arusha, ofisi ya kijiji ipate ukurasa mmoja wa Kiswahili: kisima kipi kimezidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na kipi watoto wanaweza kuendelea kunywa.